Ndimu Kumi na Moja na Masega Mawili

Mke wangu alipopata kazi ya uuguzi katika mji wa Riverside, California, na barua ya ajira ikabainisha kwamba anatakiwa kazini mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba, jambo la kwanza lililonijia moyoni, nami naliungama bila ya kujitetea, halikuwa nyumba tutakayopanga wala skuli ya watoto, bali gari langu. Lilikuwa Subaru Impreza WRX la mwaka 2004, la rangi ya samawati, lililokwisha kwenda maili zaidi ya 140,000. Na kwa muda wa miaka sita niliyokaa San Antonio, katika jimbo la Texas, nilikuwa nimelifanyia kila nilichokitamani tangu utotoni mwangu Makadara, Mombasa, nilipokuwa nikilala na kuyasikia magari ya ukoo huo yakipita usiku kwa mngurumo ule wa kukatika-katika ambao mpenzi wake huutambua kwa mbali, kama mtu anavyoitambua sauti ya mwadhini wa msikiti wa mtaani kwao.

Kasha la plastiki la kuvutia hewa nililitupa, nikaweka mahali pake bomba la alumini lililong'arishwa hata ukiinama waona meno yako. Bomba la moshi nalo nilibadilisha, likaja jingine la chuma kisichoshika kutu, pana kiasi cha kupisha ngumi ya mtu mzima. Kompyuta ya injini iliandikwa upya na kijana mmoja aliyekuja na kompyuta yake ya mkononi akakaa kitako barazani kwangu tangu alasiri hata isha. Jirani zangu walivumilia, Mungu awalipe. Mke wangu alifanya zaidi ya kuvumilia, kwani alilifanya gari kuwa saa yake: alipolisikia likikata kona ya mtaa wa tatu alibandika birika, na nilipofika mlangoni maji ya chai yalikuwa yamekwisha chemka.

Lakini dhambi kubwa ilikuwa ni masega. Msomaji asiyekaa na mafundi huenda asijue kwamba chini ya gari la petroli, katika njia ya moshi, mna kopo la chuma ambalo ndani yake mmejaa kauri yenye vitundu maelfu, mfano wa sega la nyuki, nayo imepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Na moshi unapopita humo ukiwa na moto mkali, ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi hugeuka kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa petroli usioungua hugeuka kuwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za naitrojeni huvunjika na kurudi kuwa naitrojeni ile ile tunayoivuta kila siku. Magari ya Marekani yalianza kuwekewa kwa wingi katika matoleo ya mwaka 1975. Kwetu pwani tuliyajua kwa kuyang'oa. Ami yangu, aliyekuwa na gereji Mwembe Tayari, aliyatindua kwa patasi na nyundo katika magari yasiyo na hesabu yaliyoteremshwa bandarini kutoka Japani, na alikuwa na hoja, maana zama zile petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi huyafisha masega na kuyaziba, hata gari likashindwa kupanda mlima. Risasi ilikomeshwa kufikia mwaka 2006, lakini mazoea ya patasi yalibaki, na mimi nilikwenda nayo hadi Texas. Gari langu lilikuwa na masega mawili, moja kabla ya tabo na jingine baada yake. Yote mawili niliyatoa, na mahali pa kihisi cha joto kilichokuwa kikiyalinda nikatia kizuizi cha umeme kidogo kama punje ya mtama, kisichotimiza thamani ya dola moja, kazi yake ikiwa ni kuiambia kompyuta kila sekunde kwamba mambo yote ni salama salimini.

Sheria ya taifa zima la Marekani ilikataza jambo hilo, na sitasingizia kwamba sikujua. Ila katika kaunti ya Bexar, uliko mji wa San Antonio, siku hizo moshi haukupimwa. Hivyo miaka sita ilipita nami sijaulizwa neno na mtu, mpaka nilipompigia simu rafiki yangu wa Kipemba akaaye Los Angeles kumpa bishara ya kwamba tunahamia upande wao. Alifurahi, akatuombea kheri, kisha sauti ikashuka: “Lakini hilo gari, shekhe, ama uliuze huko huko ulipo, ama ulirudishe lilivyotoka kiwandani. Huku watu hufungua boneti.”

Sikuliuza. Mke wangu na watoto walitangulia kwa ndege, vyombo vikaenda kwa lori, nami nikaondoka Ijumaa moja kabla ya jua kuchomoza, na nyuma ya kiti changu mlikuwa na busati, birika, sanduku la spana, na mfuko wa ndimu kumi na moja nilizozichuma usiku katika mndimu wangu wa ndooni ambao haukuwa na nafasi katika lori. Mbele yangu ilikuwa barabara kuu namba 10, karibu maili 1,300, na kati ya hizo zaidi ya 500 ni Texas tupu, kwani jimbo lile haliishi. Mtu huendesha tangu alfajiri hata adhuhuri, akala, akaendesha tena hata magharibi, na bado mabango yamwambia kuwa yumo Texas. Upande wa magharibi wa jimbo sheria huruhusu mwendo wa maili 80 kwa saa, na katika mwendo huo bomba langu pana lilitoa sauti moja ndefu, nzito, isiyopanda wala kushuka, ambayo saa ya kwanza ilikuwa muziki, saa ya tatu ikawa kelele, na saa ya sita nikaweka pamba masikioni. Nalitaja hili kwa sababu waliobadilisha magari yao hawalitaji.

Kiasi cha maili 200 kutoka nyumbani nilisimama kutia petroli katika mji mdogo uitwao Ozona, uliozungukwa na vilima vyenye vichaka na ua wa seng'enge usiokwisha. Jina hilo ulipewa mwishoni mwa karne ya 19, kwa sifa ya hewa yake safi, maana kwa watu wa wakati huo ozoni lilikuwa jina la hewa ya afya, hewa ya mlimani na ya ufuoni, ambayo matabibu waliwaagizia wenye vifua vibovu. Nilisimama pale pampuni, gari likitoa joto na harufu kali ya petroli isiyoungua sawasawa, harufu ambayo tangu masega yatoke ilikuwa ikinganda hata katika kanzu yangu ya Ijumaa, nikalitazama bango la jina la mji huku nikijua kwamba mwisho wa safari yangu ni bonde ambalo ozoni ndiyo adui wake mkubwa, anayepimwa kila saa na kutangazwa kama hali ya hewa. Huko juu mbinguni hutukinga na miale ya jua. Ikiwa chini, penye pua za watu, huunguza mapafu.

Nililala El Paso. New Mexico niliipita asubuhi, nikiwa na kumbukumbu ya upepo na vumbi tu. Arizona niliipita katika joto ambalo siwezi kulisimulia kwa mtu wa pwani akaniamini, maana sisi joto letu lina maji ndani yake na lile lilikuwa kama la tanuri ya chokaa. Alasiri nikauvuka mto Colorado, na mara tu baada ya daraja, penye mji wa Blythe, magari yote yakaelekezwa kupita chini ya paa moja kubwa mfano wa forodha.

Moyo ulinidunda. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, nikishusha kioo na kulifanya gari linong'one kadiri liwezavyo, nalo likakataa kunong'ona. Mngurumo ukagonga paa ukarudi, dereva wa mbele yangu akageuka kutazama. Afisa aliyevaa sare akaja dirishani kwa adabu kubwa, akanisalimu, akaniuliza: “Una matunda au mimea yoyote?” Ikawa kimya kidogo. Nikamwambia nina ndimu. Akaziomba, nikampa mfuko, akaniarifu kwa upole kwamba ndimu na machungwa ya nje hayaingii kiholela kwa kuchelea wadudu na maradhi ya miti, akanitakia safari njema. Gari lililokuwa likimtetemeshea vioo vya kibanda chake halikumhusu hata kidogo, kwani kituo kile ni cha kilimo. Nikaingia California bila ya ndimu, na bila ya masega.

Jangwa likaendelea tena saa nzima na zaidi, hata nikafika kwenye kipito cha San Gorgonio, baina ya milima miwili mirefu, penye mashine za upepo zisizohesabika zikizungusha mabawa yao. Na nilipovuka kipito nikaanza kuteremkia bonde, nikaona kitu ambacho mwanzo nilikidhani ukungu. Kilikuwa cha rangi ya chai iliyotiwa maziwa machache, kimekaa juu ya miji kwa usawa kama kifuniko cha sufuria, na juu yake mbingu ya buluu safi. Pepo za baharini, ambazo kwetu ni rehema, huku husukuma moshi wa Los Angeles na vitongoji vyake kuja bara, ukafika kwenye ukuta wa milima ya San Bernardino usipate pa kutokea.

Watu wa huku wana kisa chake. Mwezi wa Julai 1943, katikati ya vita, moshi wa ajabu uliwashukia watu wa Los Angeles, macho yakawachoma, wengine wakadhani Wajapani wamewapiga kwa gesi. Viwanda vililaumiwa kwanza. Aliyeifumbua kadhia ni mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa katika chuo cha Caltech, mjini Pasadena, akishughulika na jambo lisilo na madhara kabisa, nalo ni kuchunguza kinacholipa nanasi harufu yake. Na kwa vyombo vile vile vya kunasia harufu ya nanasi akainasa hewa ya mji, na mapema katika miaka ya 1950 akathibitisha kwamba mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni, vikipikwa pamoja na jua, huzaa ozoni. Ushahidi wake mmoja ulikuwa ni vipande vya mpira vilivyokunjwa na kuachwa hewani, vikapasuka-pasuka. Mwaka 1967 Gavana Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kuunda Bodi ya Rasilimali za Hewa, ambayo mafundi wote huiita CARB, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa huyo huyo mtu wa mananasi. Na kwa kuwa California ilitangulia kutunga kanuni za moshi wa magari kabla ya serikali ya taifa, ikaruhusiwa kubaki na kanuni zake, zilizo kali kuliko za taifa.

Mgeni ahamiaye California hupewa siku 20 za kuliandikisha gari lake, na gari la kadiri ya langu haliandikishwi pasipo cheti cha moshi. Basi nilimtafuta fundi, nikampata mmoja wa asili ya Mexico, mwenye gereji ya milango miwili, ambaye alilizunguka gari mara moja, akalala chini na kurunzi, akatoka akijipangusa mikono, akasema: “Limependeza. Lote litoke.” Masega yaliyokwisha tumika ni haramu kufungwa katika jimbo hili, na yale ya bei nafuu yanayokubalika majimbo mengine hayakubaliki hapa, kwa hiyo ilinibidi kununua mawili mapya ya asili kwa wakala, kwa fedha iliyozidi kodi yetu ya mwezi. Usiku ule nilimpigia ami yangu Mombasa.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia watafuta masega.”

“Naam, ami.”

“Mangapi?”

“Mawili.”

Akanyamaza kitambo, nikasikia kikombe kikitua juu ya kisahani. “Mimi niliyoyatupa pale Mwembe Tayari,” akasema, “ningaliyaweka, leo ningalikuwa sultani.”

Fundi alirudisha masega, akarudisha bomba la moshi la kawaida, akakitoa kile kizuizi cha punje ya mtama na kunikabidhi kiganjani kama daktari ampavyo mtu jino lake, na maandishi ya asili ya kompyuta yakarudishwa, kwani tangu Julai 2021 hata maandishi hayo hukaguliwa. Kisha akanikataza kwenda kupimwa siku hiyo. Kompyuta ya gari, ikisha kukatiwa betri, husahau majaribio yote inayojifanyia yenyewe ndani kwa ndani, na mpimaji akiikuta imesahau humrudisha mtu nyumbani. Sharti gari liendeshwe siku kadhaa, liwashwe asubuhi likiwa baridi, lipelekwe barabara kuu kwa mwendo usiobadilika, lipoe, liwashwe tena. Nikaendesha siku tano kwenda kusikokuwa na haja, nikichoma petroli ili kuthibitisha usafi wa moshi wangu.

Kituo cha kupima kilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijivu. Mpimaji, bwana wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alichomeka waya chini ya usukani, na katika muda usiozidi wa kunywa kahawa kikombe kimoja kompyuta yake ikasema gari ni safi. Nikashusha pumzi. Naye akachukua kurunzi na kioo chenye mpini, akafungua boneti, akaligonga kwa ukucha lile bomba langu la alumini, ambalo mimi na fundi wangu tulikuwa tumelisahau kwa kuwa lilionekana halina hatia.

“Namba iko wapi?”

“Namba gani, bwana?”

“Ya CARB. Huanza na herufi D. Hubandikwa ama huchorwa kwenye chombo chenyewe.”

Nikamweleza, kwa unyenyekevu kwanza na kisha kwa sauti iliyopanda kidogo, kwamba bomba lile ni la kuingiza hewa, halitoi moshi, na kwamba waya wake mwenyewe umeshuhudia sasa hivi usafi wa gari. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Mimi sikusema linatoa moshi,” akajibu. “Nimesema halina namba.”

Nilikasirika, nikaendesha hadi nyumbani na kile cheti cha kushindwa kimelala kiti cha pili, na njiani kote nikitunga hoja. Lakini hoja zilivyozidi kutungika ndivyo nilivyozidi kuliona jambo kwa upande wake. Jimbo haliwezi kulipeleka kila bomba la kila kijana maabara, kwa hiyo husema: mtengenezaji alilete mara moja, lipimwe, lipewe namba, na kila mwenye kulinunua baadaye atakuwa amekwisha kupimiwa. Bomba langu huenda lilikuwa halina dhara. Ila hakuna mtu aliyepata kuapa hivyo juu ya karatasi. Neno langu peke yangu ndilo lililokuwa dhamana, na ni mimi niliyeiambia kompyuta kwa miaka sita kwamba mambo yote ni salama salimini. Kinyongo kilichonibakia ni kimoja, kwamba mabomba mawili yaweza kufanana kama pacha, moja likawa halali kwa kuwa mwenyewe alikuwa na fedha za maabara na jingine haramu kwa kuwa hakuwa nazo, na kinyongo hicho sijakitoa hata leo.

Kasha la plastiki nilikuwa nimelitupa zamani katika pipa la taka la San Antonio, nikaenda kutafuta pacha wake katika yadi ya magari mabovu, ambako mtu hulipa kiingilio kidogo, akaingia na spana zake mwenyewe. Magari yalipangwa safu safu, yamepandishwa juu ya rimu zilizounganishwa, boneti wazi, kimya, jua likiyachoma. Na nilipita baina yao kwa muda mrefu, nikiwaona watu wameinama ndani ya injini kama wapasuaji, mpaka nikaona Impreza nyeupe iliyogongwa ubavuni. Kasha lake lilikuwa zima. Ndani mlikuwa na majani makavu ya mkalitusi, na juu ya kichujio mjusi mdogo aliyekwisha kauka, mkia wake umejipinda vizuri kama herufi ya wau. Nilimtoa kwa ncha ya bisibisi, nikamlaza kivulini chini ya gari, nikafungua skrubu na kuondoka na kasha langu kwapani.

Mara ya pili mpimaji alitazama, akagonga plastiki kwa ukucha ule ule, hakusema neno, akapiga chapa cheti. Nikatoka pale na kulipeleka gari nyumbani kwa njia ndefu, vioo vimeshushwa. Lilikwenda vizuri, pengine lilipungukiwa na nguvu kidogo mlimani. Sasa niliweza kuisikia redio na sauti ya matairi juu ya lami. Nilikata kona ya mtaa wa tatu, nikakata ya pili, nikaingia uwanjani petu, nikalizima, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Mke wangu alikuwa sebuleni akikunja nguo, akashtuka akashika kifua. “Umefika saa ngapi, bwana?” akaniuliza, na jikoni birika lilikuwa tupu, limefunikwa kichwa chini juu ya sinki.